Kuishi na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya nimeulizwa na wazazi wenzangu. Mengine nilijiuliza mwenyewe saa tisa za usiku, nikiwa nimembeba mtu wa kilo 12 asiyetaka kulala wala kuwekwa chini. Mimi si daktari. Ni baba wa watoto wawili: kifungua mimba wangu, msichana, ameshaanza shule, mdogo wake wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, na ndiye anayetawala nyumba. Kwenye mambo ya afya nimeshika yale ambayo wataalamu wa watoto wanakubaliana. Kwingine ni maoni yangu, na utayajua ukiyaona.

Kwa nini kila asubuhi tunagombana kabla ya kutoka?

Kwa sababu wewe una saa na yeye hana. Ningeambiwa nibakize jibu moja tu la ukurasa huu mzima, ningebakiza hili. Ugomvi mwingi na mtoto wa umri huu hautokani na ukaidi wake. Unatokana na haraka yetu.

Chukua viatu. Juzi nilimwambia mwanangu avae viatu. Akakaa chini, akachukua cha kushoto, akakigeuza, akaona kijiwe kimenasa kwenye soli. Akakichokoa kwa kidole. Kikatoka. Akakitafuta kilipoangukia, akakirudisha palepale kilipokuwa, akaanza kukichokoa upya. Mimi nimesimama mlangoni, mfuko begani, nasema “haraka, haraka,” neno ambalo kwake halina maana zaidi ya kwamba baba amekunja uso. Nikamnyang'anya kiatu nimvishe kwa nguvu. Akalia dakika kumi. Kijiwe kile kingemchukua mbili.

Mtoto wa miaka miwili anaijua “sasa”. “Baadaye” na “dakika tano” ni upepo tu. Anachoweza kukishika ni mfuatano: tukimaliza kunawa tunavaa viatu, tukishavaa viatu wewe ndiye unayefungua mlango. Mpe ile kazi ya mwisho, ndiyo inayomvuta. Kisha anza maandalizi robo saa kabla ya muda unaodhani unatosha. Najua si siri kubwa, lakini katika yote niliyojaribu, huo ndio ushauri uliofanya kazi siku nyingi zaidi.

Akinyimwa kitu anajitupa chini na kupiga mayowe. Nifanyeje?

Hasira za kujigaragaza huanza karibu na mwaka mmoja na nusu, mara nyingine mapema zaidi. Hupamba moto kati ya miaka miwili na mitatu, kisha hufifia kadiri maneno yanavyoongezeka. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kujizuia na kusubiri, huendelea kukomaa hadi baada ya umri wa miaka 20, na huyu wako ndiyo kwanza ameanza. Akiwa katikati ya mayowe hakusikii kama unavyodhani, kwa hiyo hotuba yako nzuri iweke akiba.

Mayowe mengi huisha ndani ya dakika tano yakiachwa yajiishie. Mimi huondoa chochote kinachoweza kumuumiza, hukaa chini karibu naye, na kusema sentensi moja tu: “Umekasirika kwa sababu nimechukua mkasi.” Halafu nanyamaza. Akitaka kubebwa, nambeba. Asipotaka, simgusi. Mkasi haurudi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza: tunakataa mara tatu, ya nne tunakubali ili kelele zikome, na yeye anahesabu. Kesho ataanza moja kwa moja na kelele za mara ya nne. Kama jambo lenyewe ni dogo, bora ukubali tangu mwanzo, bila kusukumwa.

Na mambo mengi ni madogo kweli. Wiki iliyopita aliomba maji nikampa kwenye kikombe cha kijani. Kumbe alitaka cha bluu. Nikayamimina kwenye cha bluu. Kilio kikazidi, kwa sababu sasa maji yalikuwa yale yale “ya kijani”. Nilikosa la kujibu. Ukifikiria, alikuwa na hoja. Nikayamwaga, akajijazia mwenyewe bombani, akaweka kikombe chini, akaenda zake. Hakunywa.

Kabla ya kutafuta kasoro ya tabia, tafuta njaa na usingizi. Ukipata moja kati ya hayo mawili, shughulikia hilo na mengine uyaache.

Na ikitokea mbele za watu?

Mbebe, tokeni pembeni, subirini. Wale wanaokutazama, nusu yao yaliwakuta na nusu nyingine yatawakuta.

Analia mpaka anakata pumzi, midomo inakuwa bluu. Je, ni hatari?

Inatisha kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu, lakini kwa kawaida haina madhara. Huwapata baadhi ya watoto kati ya miezi sita na miaka sita: mtoto anaumia au anahamaki, anatoa pumzi yote kwa kilio, anashindwa kuivuta ndani, anabadilika rangi, na pengine anazimia kwa sekunde kadhaa. Kisha pumzi hurudi yenyewe. Hafanyi makusudi.

Mlaze ubavu, usimtikise, usimwagie maji, usimtie kitu mdomoni. Ikitokea mara ya kwanza, mpeleke kwa daktari athibitishe kwamba ndiyo yenyewe, na uombe apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huongeza matukio haya na unatibika. Asipozinduka ndani ya dakika moja, au mwili ukikakamaa na kutikisika kwa muda, hiyo ni dharura.

Kofi dogo si litamfundisha?

Lilinifundisha mimi. Binti yangu akiwa na mwaka na miezi minane alikuwa akichezea soketi ya umeme; nikampiga kibao cha mkono. Akanitazama, akafikiri, akanipiga na yeye, mkono ule ule, nguvu ile ile. Alikuwa ameelewa somo barabara: mkubwa akichukizwa, hupiga. Soketi aliirudia kesho yake.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo mwaka 2018 kikiwataka wazazi waache kabisa adhabu ya viboko na makofi, kwa kuwa haileti utii wa kudumu na huongeza ukorofi. Mimi nilihitaji kifuniko cha soketi tu. Kwa umri huu, mara nyingi kubadilisha chumba ni rahisi kuliko kumbadilisha mtoto.

Anang'ata wenzake. Nitamzuiaje?

Kung'ata ni jambo la watoto wasio na maneno ya kutosha: wamesongwa, wamenyang'anywa, meno yanawasumbua, au wamefurahi kupita kiasi. Ndiyo, hata furaha hung'ata. Ukiona anaanza kumsogelea mwenzake kinywa wazi, weka mkono katikati. Akishang'ata, mhudumie kwanza aliyeumia, na aliyeng'ata aone kwamba macho yote yamehamia kwa mwenzake. Mwambie kwa ufupi: “Kung'ata kunauma. Sikubali.” Usimng'ate ili aonje uchungu. Najua ushauri huo unazunguka sana. Ni ule ule wa kofi, umevaa meno.

Hali chakula. Sahani inarudi kama ilivyokwenda.

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka wa kwanza mtoto hufikisha takribani mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kama kilo mbili na nusu tu. Mwili uliokuwa ukikimbia sasa unatembea, na hamu ya kula inashuka pamoja nao. Mzazi aliyezoea kumwona akimaliza bakuli anadhani kuna ugonjwa. Kumbe mtoto anakula kiasi anachohitaji, ila kiasi chenyewe kimepungua, na hakilingani siku kwa siku: leo vijiko vitatu, kesho anakula kama mtu mzima. Mtazame kwa wiki, si kwa mlo.

Pili, karibu na miaka miwili watoto wengi huanza kuogopa chakula kigeni, na hata kile walichokipenda jana. Dawa yake ni kukiona tena na tena bila kulazimishwa. Baadhi ya vyakula huhitaji kuwekwa mbele ya mtoto mara 10 hadi 15 kabla hajakubali. Wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu na kutangaza kwamba “huyu hapendi mboga”, naye yupo anasikiliza.

Utaratibu ulioleta amani mezani kwetu ni mgawanyo wa kazi. Mimi na mama yao tunaamua kinaliwa nini, saa ngapi na wapi. Yeye anaamua kama atakula na kiasi gani. Hakuna kumkimbiza na kijiko chumba hadi chumba, hakuna kumpigia ndege angani, hakuna kitamtamu kama zawadi ya kumaliza. Akisusa, mlo umekwisha hadi ule ujao. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwake.

Angalia pia vinywaji. Maziwa ya ng'ombe yakizidi kama nusu lita kwa siku hujaza tumbo na kumwacha bila nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma. Upungufu wa damu kwa watoto wa umri huu mara nyingi huanzia hapo. Juisi na soda huua njaa vilevile, na meno juu yake.

Mpeleke apimwe ikiwa uzito unashuka au umesimama kwa miezi, akipaliwa mara kwa mara, akitapika sana, au kama vyakula anavyokubali vinazidi kupungua badala ya kuongezeka.

Vyakula gani vinaweza kumkaba?

Vyote vidogo, vya mviringo na vigumu, au vinavyoteleza: karanga na njugu nzima, pipi ngumu, bisi, zabibu nzima. Zabibu zikate kwa urefu, si kwa upana. Karanga zisage. Ale akiwa ameketi, asile akikimbia wala akiwa amelala chali. Kila mtu anayemlea ajifunze namna ya kumsaidia mtoto aliyekabwa. Ni somo la nusu saa linalotolewa na watoa huduma ya kwanza, na hujifunzi siku yenyewe.

Anatakiwa kulala saa ngapi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 kwa siku kwa watoto wa mwaka mmoja na miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne, ukijumlisha usingizi wa mchana. Wengi huacha usingizi wa pili wa mchana karibu na mwaka mmoja na nusu, na ule mmoja uliobaki huuacha kati ya miaka mitatu na mitano.

Kosa letu lilikuwa kuamini kwamba tukimchosha sana atalala haraka. Mtoto aliyepitiliza usingizi hachoki, anapandwa na wazimu: anakimbia kuzunguka meza, anacheka peke yake, anamwaga vitu. Ukifika hapo umeshachelewa kama saa nzima. Tangu tuliporudisha muda wa kulala nyuma, analala upesi na kuamka saa ile ile.

Na hapa haraka inarudi tena. Utaratibu wa kulala una hatua zile zile kila siku: kuoga, kupiga mswaki, kitabu, taa. Siku ninayoruka hatua ili niwahi shughuli zangu ndiyo siku ninayokaa kitandani pake hadi saa nne.

Anaamka usiku akipiga kelele, macho wazi, lakini hanitambui.

Hayo ni mahangaiko ya usingizini, tofauti na ndoto mbaya. Hutokea saa chache za mwanzo wa usiku. Mtoto analia, anatupa mikono, pengine anakusukuma, na asubuhi hakumbuki lolote. Usimwamshe kwa nguvu. Kaa karibu asijigonge, litapita baada ya dakika chache. Ndoto mbaya huja karibu na alfajiri, mtoto huamka kabisa na anakutaka. Huyo mkumbatie.

Simu na televisheni je?

Mwongozo ule ule wa 2019 unasema hapana kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na isizidi saa moja kwa siku kwa wa miaka miwili, pungufu ikiwa bora zaidi. Mimi si mtakatifu: kuna siku katuni zimeninusuru nikitaka kumaliza kupika. Ninachokwepa ni mambo mawili. Simu wakati wa kula, kwa sababu hapo hajui ameshiba au la. Na simu kama kinyamazisho cha kilio, kwa sababu basi hapati nafasi ya kujifunza kutulia bila hiyo. La tatu ningeliongeza kwa sauti ya chini: simu yangu mwenyewe. Akiniita mara nne na mimi nasoma ujumbe, ya tano huja na kitu kinachorushwa.

Mwenzake anaongea, wangu bado. Lini niwe na wasiwasi?

Watoto hutofautiana sana, na kulinganisha na wa jirani ni kujitafutia homa. Lakini kuna alama ambazo hazifai kusubiriwa. Muone mtaalamu ikiwa kwa miezi 18 haonyeshi vitu kwa kidole au hana neno hata moja, ikiwa kwa miaka miwili haunganishi maneno mawili kama “mama njoo”, au ikiwa kwa umri wowote amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Kwa miaka miwili wengi wana maneno yapatayo 50, hata kama ni ya nusu nusu yanayoeleweka nyumbani tu. Kipimo cha kwanza kiwe cha masikio.

Kumlea kwa lugha mbili hakumcheleweshi. Atachanganya, kisha atatenganisha. Maneno yake yahesabu kwa lugha zote kwa pamoja.

Cha kufanya nyumbani ni kuongea naye juu ya kile anachokitazama yeye, na kumsubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Ukimuuliza jambo, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kumjibia. Mwanangu alikuwa anafika nne ndipo midomo inaanza kusogea, na mimi nilikuwa najibu kwenye mbili.

Lini aanze poti?

Wengi huwa tayari kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Tazama mtoto, si kalenda: nepi inabaki kavu kwa saa mbili hivi, anajificha nyuma ya mlango anapojisaidia, anaudhika akichafuka, anaweza kushusha suruali, anaelewa maagizo mafupi. Ukianza kabla ya hapo utafundisha kwa miezi kile ambacho kingechukua wiki.

Usimkemee akijikojolea. Mtoto anayeogopa kukosea hubana choo, choo kinakuwa kigumu, kinamuuma, anabana zaidi, na hapo mmeingia kwenye mzunguko unaohitaji daktari. Kukauka usiku ni jambo jingine kabisa, linategemea kukomaa kwa mwili. Kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. Na akirudi nyuma baada ya kuhama nyumba au kupata mdogo wake, rudini nyuma naye bila maneno.

Anaanguka kila wakati. Miguu yake ina tatizo?

Yaelekea anafanya kazi yake. Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha mwaka 2012 hesabu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza: kwa wastani walipiga hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Nikiisoma namba hiyo nakumbuka binti yangu, ambaye jana yake alikuwa anasimama dede akishikilia kiti, na leo anavuka sebule kama mlevi. Mtoto ambaye hajatembea mwenyewe kufikia miezi 18 ndiye wa kupelekwa akaangaliwe.

Akigonga kichwa, mbembeleze na umtazame. Akizimia, akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kusiko kwa kawaida, akipata degedege, au majimaji yakitoka puani au masikioni, kimbia hospitali.

Anatumia mkono wa kushoto. Nimwache?

Mwache. Ila akiwa hajafikisha mwaka na nusu na tayari anatumia mkono mmoja tu huku mwingine ameukunja au ameuacha, mwambie daktari. Katika umri huo mikono yote miwili inatakiwa kuwa na kazi.

Nyumba iwe salama kiasi gani?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa umri huu, wahenga watusamehe.

Piga magoti uzunguke nyumba kwa urefu wake. Utaona yasiyoonekana ukiwa umesimama. Ndoo yenye maji ya sentimita chache inatosha kumzamisha mtoto, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua, naye huzama kimya. Mwaga maji ukimaliza. Dawa ziwekwe juu na zifungiwe. Juu peke yake hakutoshi, kwa sababu anapanda. Mafuta ya taa na sabuni za maji zisikae kwenye chupa za vinywaji. Mipini ya sufuria igeuzwe ndani, na chai ya moto isikae ukingoni mwa meza yenye kitambaa kinachoning'inia.

Kitu ambacho wazazi wengi hawakijui ni betri zile bapa za duara, za rimoti, saa na vinyago vinavyoimba. Ikimezwa na kukwama kooni, huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Ukihisi ameimeza, nenda hospitali papo hapo, usimtapishe, usisubiri dalili.

Akiungua, poza kwa maji yanayotiririka ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta, si barafu.

Ana homa. Nimpeleke lini?

Homa ni joto la nyuzi 38 kwenda juu. Mtoto anayekunywa, anayekojoa na anayecheza kidogo anaweza kuangaliwa nyumbani, ila ukiishi penye malaria apimwe mapema. Dawa ya kushusha homa ipimwe kwa uzito wake, kwa kifaa kilichokuja na chupa, si kwa kijiko cha jikoni. Aspirini asipewe. Mpeleke bila kusubiri akiwa hanywi, anapumua kwa shida, shingo imekakamaa, ana vipele visivyofifia ukivibonyeza, au amelegea kiasi cha kutokuitika.

Degedege la homa huwapata watoto wachache, kati ya miezi sita na miaka mitano. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Likizidi dakika tano ni dharura. Hata likiisha mapema, mara ya kwanza lazima aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kila kitu ni “yangu!” Nimfundisheje kugawana?

Karibu na miezi 18 hadi 24 mtoto huanza kujitambua kwenye kioo: ukimpaka doa puani, anagusa pua yake badala ya kugusa kioo. Ameshagundua kwamba kuna “mimi”, na panapo “mimi” lazima pawe na “yangu”. Ni hatua mbele, ingawa haionekani hivyo wageni wanapokuja na mtoto wao. Kabla hawajafika, ficheni pamoja kinyago anachokipenda kuliko vyote. Vilivyobaki, wafundishe zamu. Zamu anaweza kuielewa kwa sababu kitu kinarudi. “Gawana” kwake ni kunyang'anywa kwa adabu.

Kwa nini anataka hadithi ile ile kila usiku?

Kwa sababu anaijua. Siku nzima mambo yanamtokea bila kuulizwa, na pale kwenye ukurasa wa nane anajua fika kwamba bata atatokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zile zile walishika maneno mapya vizuri kuliko waliobadilishiwa. Kwa hiyo vumilia. Nimejaribu kuruka kurasa mbili. Alinishika mkono akazirudisha.

Anamtaka mama yake tu. Mimi ananikataa.

Inauma, sitaficha. Kwa miezi kadhaa kila nilipomchukua nilisikia “si baba”. Nilichofanya ni kuchukua jambo moja la kila siku likawa langu peke yangu, la kuoga, na mama yake akawa anatoka chumbani kabisa. Siku tisa za kwanza zilikuwa kelele. Sasa mama akijaribu kumwogesha anaambiwa “si mama”.

Kuna mtoto mwingine njiani. Huyu atachukuliaje?

Kwa wivu, na ana haki. Mwambie tumbo likishaonekana, si miezi minane kabla, maana kusubiri hakujui. Mabadiliko makubwa kama kitanda kipya yafanywe mapema, isije ikaonekana amehamishwa na mgeni. Mtoto akishazaliwa, tenga hata dakika 15 kwa siku zake peke yake, simu ikiwa mbali. Usiwaache wawili peke yao, hata kama anambusu mdogo wake vizuri kiasi gani. Busu na kung'ata ni majirani.

Kuna wakati nahisi nitamfanyia kitu kibaya.

Mweke mahali salama, kitandani pake kwa mfano, funga mlango, toka nje ya chumba dakika tano. Akilia, alie. Mpigie mtu simu. Kumwacha akilia kwa dakika tano hakumdhuru. Kumtikisa kwa hasira kunaweza kumwachia madhara ya ubongo. Na kama hisia hiyo inarudi mara kwa mara, au huzuni haiondoki kwa wiki mbili, mwambie daktari kuhusu wewe, si kuhusu mtoto.

Nikimwacha na mlezi analia. Niondoke kimya kimya?

Usitoroke. Ukitoroka leo, kesho hatakuachia hata uende msalani, kwa sababu ameshajua kwamba baba huyeyuka. Muage kwa maneno yale yale kila siku, mwambie utarudi baada ya jambo analolijua (“ukishaamka usingizi wa mchana, nitakuja”), mbusu mara moja, ondoka. Usirudi kubembeleza. Kuaga kwa nusu saa ni mateso kwenu nyote.

Nilifuata haya yote vizuri siku moja, nikamwacha akilia mlangoni kana kwamba nasafiri baharini, nikafika barabarani nikakumbuka nimesahau funguo. Zilikuwa zimepita dakika nne. Nilimkuta ameketi sakafuni na vikombe viwili, anamimina maji kutoka kimoja kwenda kingine na kuimba. Aliponiona akaviweka chini taratibu, akajifuta mikono kwenye shati, akaanza kulia upya.